Kuuza vinywaji na peremende za hempu Minnesota: anza na karatasi zako, leseni baadaye

Ukiingia katika maduka mengi ya pombe hapa Minnesota utakuta makopo ya vinywaji vya hempu vyenye THC, kile kilevi cha bangi, yamepangwa kwenye friji kama soda. Wenzetu wenye maduka ya vyakula vya nyumbani, wale wanaouza unga wa ugali, samaki wakavu, majani ya chai na kadi za simu, wanayaona, na wanaona jinsi yanavyotoka. Swali linakuja lenyewe: na mimi naweza kuweka? Kazi yangu ni kufunga hesabu na kujaza fomu za maduka madogo upande wa Brooklyn Park, na swali hilo nimelijibu kwa simu mara nyingi mno. Nimeona bora niliandike lote mahali pamoja.

Unaweza, na leseni yenyewe ni rahisi kuipata kuliko watu wanavyodhani. Kinachowaponza watu ni mpangilio wa hatua. Wanaanza na mzigo, ndipo wanatafuta leseni, kisha kodi, na mwisho kabisa ndipo wanakumbuka kwamba wao bado si raia wa Marekani. Mimi naanza na hilo la mwisho, na nitakaa nalo kidogo.

Hempu ni kitu gani hasa

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Kamusi zitakupa "katani", lakini kwa mtu wa Tanga au Korogwe katani ni mkonge, nyuzi za kamba na magunia, na mmea ule hauhusiani kabisa na huu. Hempu ni mmea wa bangi uleule, uliotengwa na sheria kwa kipimo cha kilevi kilichomo. Sheria ya kilimo ya Marekani iliyotiwa saini Desemba 20, 2018 ilisema kwamba mmea wenye delta-9 THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu ni hempu, na hempu ikaondolewa kwenye orodha ya dawa za kulevya.

Asilimia 0.3 inasikika kama si kitu. Lakini shika kopo mkononi. Kinywaji chake kina uzito wa gramu 350 hivi. Tia miligramu 10 za THC humo na unapata kama asilimia 0.003 tu, mara mia chini ya kikomo, na bado mnywaji anailewa. Biashara yote hii ilipitia kwenye mlango huo.

Hatua ya kwanza: karatasi zako za uhamiaji

Mlango huo sasa unafungwa. Novemba 12, 2025 Rais alitia saini sheria ya bajeti ya serikali kuu, na ndani yake kuna kifungu kinachobadili maana ya hempu. Kinahesabu THC yote, ikiwemo ile inayoitwa THCA, na kinaweka kikomo cha miligramu 0.4 kwa chombo kizima cha bidhaa inayomfikia mteja. Kimepewa mwaka mmoja kabla ya kuanza kazi, yaani Novemba 12, 2026. Kopo la miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya kikomo hicho.

Maana yake ni kwamba, Bunge la Marekani lisiposogeza tarehe hiyo, kopo lilelile litakuwa bidhaa halali yenye leseni machoni pa St. Paul, yaani serikali ya jimbo letu, na bangi tupu machoni pa Washington, yaani serikali kuu. Kwa raia, hilo ni suala la biashara. Kwa mwenye grini kadi, aliyepewa hifadhi, aliye kwenye TPS (ulinzi wa muda kwa watu wa nchi zenye vita au maafa) au anayesubiri majibu ya kesi yake, ni suala la maisha yake hapa, kwa sababu sheria ya uhamiaji ni ya Washington peke yake. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo wa wazi: anayevunja sheria ya serikali kuu kuhusu bangi anaweza kukataliwa uraia kwa kukosa "tabia njema", hata kama jimbo analoishi limeiruhusu, na kuajiriwa katika biashara hiyo kumetajwa humo. Ziko pia kanuni za kumzuia mtu kuingia nchini pale afisa anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba amefanya biashara ya dawa za kulevya, na hapo hawahitaji hukumu ya mahakama. Hebu fikiria umetoka kumzika mzazi Bukoba au Kisii, unarudi, na swali hilo unaulizwa uwanja wa ndege.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata dola moja, kaa na wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa. Asiwe mthibitishaji wa nyaraka, asiwe mtu wa kanisani au msikitini anayejua kujaza fomu. Muulize mambo haya yote: hali yangu ya sasa, ombi langu la uraia, safari zangu za nje, jina la mke au mume wangu kwenye kampuni, na yule kijana anayenisaidia kaunta, maana naye ana karatasi zake. Muulize kuhusu kabla ya Novemba 12, 2026, halafu umuulize tena kuhusu baada yake. Ni majibu mawili tofauti.

Mama mmoja ninayemfungia hesabu alikuwa ameshapeleka ombi la uraia, na muuzaji wa jumla alishamwachia sampuli za katoni. Tulikaa kwenye duka lake, daftari juu ya gunia la mchele, tukapiga hesabu ya faida kwa kopo, kwa katoni, kwa mwezi. Akaitazama ile namba ya chini, akafunga daftari. "Nitakula kiapo kwanza, mwanangu," akasema. "Soda hizi zitanisubiri."

Kama wakili amekupa ruhusa, au wewe ni raia, endelea.

Hatua ya pili: jua leseni inaruhusu nini

Minnesota iliruhusu peremende na vinywaji hivi kuanzia Julai 1, 2022, kwa watu wa miaka 21 na zaidi, bila leseni yoyote. Mei 30, 2023 Gavana Tim Walz alitia saini sheria kubwa ya bangi, na humo wauzaji wa hempu wakatakiwa kujisajili kwa Idara ya Afya ya jimbo kufikia Oktoba 1, 2023. Usajili ule haukuwa na ada. Baadaye usimamizi ukahamia kwa ofisi mpya ya jimbo inayosimamia bangi, inayojulikana kwa kifupi kama OCM, na Oktoba 2025, tangu tarehe 1 hadi 31, waliokuwa wamejisajili wakafunguliwa dirisha la kuomba leseni kamili.

Nalieleza hili kwa sababu bado nakuta karatasi ya usajili wa 2023 imebandikwa ukutani, na mwenye duka anaamini ndiyo leseni. Siyo. Ukinunua duka kutoka kwa mwenzako, usikubali akuoneshe karatasi ile. Muombe leseni ya OCM, na uulize OCM yenyewe nini kinahitajika mmiliki anapobadilika.

Leseni unayoitaka ni ya muuzaji wa rejareja wa vyakula na vinywaji vya hempu vyenye nguvu ndogo. Inakuruhusu kuuza vitu vya kula na kunywa. Haikuruhusu kuuza maua ya kuvuta, hata kama muuzaji wa jumla anakuonesha pakiti iliyoandikwa "hempu" na cheti cha kupendeza. Maua mengi ya namna hiyo yamejaa THCA, ambayo ikiwashwa moto inageuka THC, na jimbo linayahesabu kuwa bangi. Kwenye jambo hili usibishane na mtu, mwambie tu hapana.

Vipimo vya kukumbuka ni vichache. Peremende au keki: si zaidi ya miligramu 5 za THC kwa kipimo kimoja, na si zaidi ya 50 kwa pakiti nzima. Kinywaji: kopo au chupa moja isizidi miligramu 10.

Hatua ya tatu: maombi ya jimbo

Ada ya maombi ni dola 250, na leseni ikikubaliwa unalipa dola 250 nyingine. Kila mwaka unaihuisha kwa kiasi hichohicho. Ukitaka kutengeneza mwenyewe bidhaa hizi, hiyo ni leseni nyingine, na yake ni dola 1,000 juu ya ada ya maombi.

Uwe na kampuni iliyosajiliwa kwa Katibu wa Jimbo, namba ya mwajiri kutoka IRS, idara ya kodi ya serikali kuu, namba ya kodi ya Minnesota, maelezo ya wamiliki wote na asilimia zao, na maelezo ya mahali pa biashara. Maombi yanafanyika kwenye mtandao wa OCM.

Kitu kimoja tu nakusihi hapa: jina liwe lilelile kila mahali, herufi kwa herufi. Fomu moja niliyoijaza ilirudishwa kwa sababu mkataba wa pango ulikuwa kwa jina la mwenye duka mwenyewe, na maombi yalikuwa kwa jina la kampuni yake. Wote tulijua ni mtu mmoja. Mkaguzi hakuwa na njia ya kujua. Ikabidi mwenye nyumba aandike mkataba upya, naye alikuwa safarini, na wiki zikapita. Kwa majina yetu hili ni la kuangalia zaidi, maana wengi wetu tuna jina la baba limekaa mwanzo kwenye pasipoti na mwisho kwenye leseni ya udereva.

Na ukiwa na mwenye nyumba, mwambie unachotaka kuuza kabla ya kusaini. Mikataba mingi ya pango ina kifungu kinachokataza chochote kinachovunja sheria ya serikali kuu, na baada ya Novemba 2026 kifungu hicho kitakuwa na meno.

Hatua ya nne: mji wako

Leseni ya jimbo peke yake haikutoshi kufungua. Lazima pia usajiliwe na mji wako, au kaunti kama mji umeikabidhi kazi hiyo. Ada ya mji haiwezi kuzidi nusu ya ada ya leseni ya jimbo, kwa hiyo kwako ni dola 125 kwa kiwango cha juu kabisa, na malipo hayo ya kwanza yanafunika pia kuhuisha kwa mara ya kwanza. Ukiuza bila usajili wa mji, faini inaweza kufika dola 2,000 kwa kila kosa.

Nenda dirishani mwenyewe, usipige simu tu. Uliza kama eneo la duka lako linaruhusiwa kwenye ramani yao ya matumizi ya ardhi, hasa kama uko karibu na shule au kituo cha kulelea watoto. Swali hilo liulize kabla ya kulipa jimbo.

Hatua ya tano: kodi, na mashine yako ya kaunta

Hapa ndipo maduka yetu hujikwaa, na sababu yake inaeleweka. Minnesota haitozi kodi ya mauzo kwenye vyakula vingi. Unga, mchele, samaki, mafuta: mteja analipa bei ya rafu. Mashine nyingi za wenzetu zimewekwa hivyo tangu siku ya kwanza, na kopo la hempu likipita humo linahesabiwa kama maziwa.

Kopo hilo lina kodi mbili. Ya kwanza ni kodi ya bangi ya jimbo, iliyokuwa asilimia 10 tangu Julai 1, 2023 na ikapanda hadi asilimia 15 tangu Julai 1, 2025. Ukiuza pakiti ya dola 20, dola 3 ni za jimbo. Ya pili ni kodi ya kawaida ya mauzo, asilimia 6.875 ya jimbo, pamoja na nyongeza za kaunti na mji wako. Mwambie fundi wa mashine akutengenezee kitufe cha peke yake kwa bidhaa hizi, chenye kodi zote mbili, na kodi ya bangi ionekane kwenye risiti. Kisha fungua akaunti ya kodi ya bangi kwa Idara ya Mapato ya Minnesota. Kwa wanaowasilisha kila mwezi, mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Fundi akiwa bado hapo, mwambie pia akifunge kitufe hicho kisikubali EBT, kadi ya msaada wa serikali. Msaada wa chakula wa SNAP hauruhusiwi kununua chakula chenye bangi wala CBD, kemikali nyingine ya mmea huo. Duka linalopoteza ruhusa ya EBT kwenye mtaa wetu limepoteza nusu ya sababu ya watu kuingia, na hakuna kopo litakalofidia hilo.

Hatua ya sita: shika kopo, soma

Nunua kwa wenye leseni tu, na kila ankara iweke kwenye faili. Mzigo ukifika, usiupange kwanza. Toa pakiti moja, keti nayo penye mwanga.

Nilifanya hivyo na rafiki yangu mwenye duka, pakiti ya peremende laini za embe. Tulitafuta jina la mtengenezaji, mahali alipo, simu na tovuti. Lilikuwepo. Namba ya toleo, ipo, imepigwa mhuri pembeni kwa wino hafifu. Jina la maabara huru iliyopima. Miligramu kwa kila kipande na miligramu za pakiti nzima: 5 na 50, vipande kumi. Onyo la kuweka mbali na watoto. Tukaskani alama ya QR kwa simu, cheti cha maabara kikafunguka, na hapo ndipo kasoro ilipojitokeza: namba ya toleo kwenye cheti haikuwa ile iliyo kwenye pakiti. Kilikuwa cheti cha toleo jingine. Pengine mtengenezaji alisahau tu kubadilisha kiungo, lakini mkaguzi akifika, aliyesimama nyuma ya kaunta ni wewe. Katoni ile ilirudishwa.

Angalia na umbo. Peremende haziruhusiwi kuwa na sura ya mtu, mnyama au tunda, wala pakiti kuigiza peremende zinazopendwa na watoto. Pakiti isionyeshe kilicho ndani, iwe ngumu kwa mtoto kuifungua, na ikiwa imewahi kufunguliwa ijulikane wazi. Makopo ya vinywaji yamesamehewa lile sharti la ugumu kwa mtoto, na ndiyo maana mimi ningeyaweka mbali kabisa na juisi.

Ukikutwa na bidhaa mbovu, OCM inaweza kuzizuia zisiuzwe, kuziharibu, kukutoza faini na kugusa leseni yako.

Hatua ya saba: kaunta

Vinywaji vinaweza kukaa kwenye friji. Kila kitu kingine kikae nyuma ya kaunta, mahali mteja asipofika, au kwenye kabati la kioo lililofungwa kwa ufunguo. Ufunguo uwe mfukoni mwa muuzaji, usiachwe umening'inia kwenye kitasa.

Kitambulisho ni kwa kila mtu, kila mara. Vinavyokubalika ni leseni ya udereva au kitambulisho cha Minnesota, cha jimbo jingine au cha mkoa wa Kanada, kitambulisho cha makabila asilia, na pasipoti. Mgeni aliyefika kutoka Nairobi au Mwanza lazima akuoneshe pasipoti. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au cha NIDA cha Tanzania hakimfai hapa. Leseni ya Minnesota iliyosimama wima ilitolewa mwenyewe akiwa chini ya miaka 21, kwa hiyo ukiiona hiyo soma mwaka wa kuzaliwa mara mbili.

Kazi ngumu si kusoma kadi. Kazi ngumu ni kumuomba mtu unayemjua. Anaingia kijana, "Shikamoo mama," unamjua tangu akiwa na sare ya shule, mama yake mko chama kimoja. Anaweka kopo kaunta. Umejibu marahaba, na mkono unasita. Usisite. "Kitambulisho, mwanangu, sheria hainiruhusu." Mji unatakiwa kufanya ukaguzi wa kushtukiza wa umri angalau mara moja kwa mwaka, na anayetumwa huwa na miaka kati ya 17 na 21, mwenye sura ya kawaida kama huyo. Mfundishe kijana wako wa kaunta sentensi hiyo moja aiseme bila kuona haya, na aiseme kwa wazee pia, ili isiwe tusi kwa yeyote.

Ukiwa na mgahawa na ungependa watu wanywe hapohapo, hiyo ni idhini ya ziada, na kuna kanuni moja kali: usimuuzie kinywaji cha THC mtu uliyemuuzia pombe ndani ya saa tano zilizopita. Mgahawa wenye bia na nyama choma Jumamosi usiku hauwezi kuifuatilia hiyo. Idhini hiyo mimi ningeiacha.

Kama uko jimbo jingine, au una duka la pili huko

Usibebe kanuni za Minnesota kwenda nazo Houston au Dallas. Texas husajili kila duka peke yake kwa idara yake ya huduma za afya, na tangu Septemba 1, 2025 imepiga marufuku sigara za umeme zenye THC, huku amri ya Gavana Greg Abbott ya Septemba 10, 2025 ikielekeza umri wa miaka 21 na ukaguzi wa kitambulisho. California ilizuia vyakula na vinywaji vya hempu vyenye THC tangu Septemba 2024. Na usihamishe mzigo kwa gari kutoka duka la jimbo moja kwenda la jingine, hata kama yote ni yako.

Hatua ya mwisho: mzigo wako na Novemba

Nunua kidogo kidogo. Muuzaji wa jumla atakupa bei nzuri kwa katoni hamsini, na ana sababu ya kutaka zitoke kwake kabla ya Novemba 12, 2026. Muombe akuandikie, kwa karatasi yenye saini, kwamba atachukua mzigo usiouzwa na kukurudishia fedha tarehe hiyo ikifika. Akikataa kuandika, agiza kinachoisha kwa wiki mbili tu. Kuanzia Septemba hesabu makopo kila Jumatatu na uyaandike kwenye daftari. Wiki ya kwanza ya Novemba mpigie wakili wako tena, umuulize kama tarehe imesogezwa, na usiagize kopo lolote jipya kabla hajakujibu.